Nilisema Mume Wake Hatakubali

Nyinyi wasichana mnaoingia kazi ya mauzo mmeniomba mara tatu niwaandikie ushauri. Mara mbili nimewakwepa, nikisingizia macho. Macho yangu ni mazima. Shida ni kwamba mnaniita "Mama Njeri aliyewafungulia wanawake mlango" kutoka Kitale hadi Bungoma, na kila nikisikia hivyo natamani ardhi ipasuke niingie. Leo nitawaandikia, lakini nitaandika pamoja na lile ninalolionea aibu, maana nikiliacha nitakuwa nimewadanganya hata nyinyi.

Wacha nianze na mambo mepesi, mnizoee kidogo kabla hamjanikasirikia.

Tulikuwa tunauza mbegu za mahindi na mbolea. Nilianza chini kabisa, nikitembea shamba hadi shamba na mkoba wa sampuli, na baadaye nikawa msimamizi wa eneo, kazi yangu ikiwa kutafuta wauzaji wapya na kuwafundisha. Msione nimefika huko mkadhani nilizaliwa nikijua kuuza. Wiki yangu ya pili nilitumwa sehemu inayoitwa Kwanza. Nikaingia boma moja kubwa, nikamkuta mzee ameketi kivulini, koti safi, redio mapajani. Nikajiambia, huyu ndiye mwenye shamba. Nikamhubiria mbegu tangu saa tatu hadi jua likafika utosini: inavyokomaa mapema, inavyovumilia magonjwa, inavyojaza gunzi hadi nchani. Mzee anaitikia tu, "Kweli kabisa. Sawa kabisa." Nikatoa kitabu cha oda na kalamu.

"Mimi ni mgeni hapa, mama," akasema. "Nimekuja kumsalimia dada yangu. Kesho narudi kwangu."

Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na mwanamke mwenye gamubuti, anachota samadi zizini. Alikuwa amesikia neno kwa neno. Akaegemea sepetu yake akaniuliza, "Umemaliza? Haya, kuja sasa uniambie mimi. Lakini fupisha, niko na kazi."

Alinunua, na hadi leo sijui kama ni kwa sababu ya mbegu au kwa kunihurumia. Tangu siku hiyo nikifika bomani naangalia kwanza nani ana matope miguuni. Na nyinyi fanyeni hivyo. Vilevile msimwendee mkulima mvua ikishaanza, huyo ameshanunua na hana muda wa kusikiliza. Mwendee wakati anapukuchua mahindi, kwa sababu hapo anaona kwa macho yake mbegu ya msimu uliopita imempa nini, na kama imemwangusha atakwambia kabla hujamuuliza. Vaa viatu vinavyokubali matope. Andika majina ya watu na shida zao kwenye daftari, usitegemee kichwa. Na ukiambiwa "rudi wiki ijayo", rudi kweli, maana wengi hawarudi.

Siku hizi mnaajiriwa kwa simu. Mtu anajaza fomu akiwa Chwele, anahojiwa kwa video, na mafunzo anatumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Mimi niliajiri kwa miguu. Na kwa kuwa nilikuwa naajiri wanawake, wengi wao wameolewa, nilikuwa na utaratibu wangu ambao niliusifia kila mkutano. Niliuita ziara ya nyumbani.

Utaratibu huo ulikuja hivi. Mmoja wa wasichana wangu wa kwanza alifanya kazi siku nne tu. Siku ya tano mume wake alikuja pale tulipokuwa tumeweka meza sokoni Kitale, akaumwaga mkoba wa sampuli chini mbele ya wateja, mbegu zikatawanyika kwenye vumbi. Akaniambia, "Wewe mama, ungekuwa na heshima ungekuja kwangu kwanza, si kuniibia bibi." Watu wakacheka. Mimi nikaokota mbegu nikiwa nimeinama, na nikaapa sitaaibishwa tena namna hiyo.

Kwa hiyo nikaanza kuwatembelea. Mwanamke aliyeolewa akifaulu usaili, nanunua sukari na majani ya chai, nakwenda kwake. Nazungumza na mume, na kama mama mkwe yupo nazungumza na yeye pia. Naeleza kazi ni ya mchana, atakuwa na wanawake wenzake, atarudi kupika. Nakunywa chai, naomba ruhusa, naandika kwenye fomu yangu: mume amekubali. Kazi ilitulia. Wasichana hawakukatizwa tena. Mabosi wakanisifu, wakasema Mama Njeri anajua mila za watu.

Mtanisamehe nikiwauliza swali ambalo mimi nilichelewa sana kujiuliza. Wanaume nao niliwaajiri, tena wengi. Mnadhani niliwahi kupeleka sukari kwa mke wa mtu nikamwomba ruhusa mume wake afanye kazi? Hata siku moja. Nilikuwa mwanamke ninayeajiri wanawake, na nilikuwa nawachukua kama mali ya mtu inayoazimwa.

Sasa nifike kwa Nekesa.

Nekesa alikuja usaili wetu Bungoma akiwa na mtoto mgongoni. Jaribio langu lilikuwa moja: nampa mtu bakuli la mbegu, namwambia, "Niuzie." Wengi walianza papo hapo kusifu. Nekesa aliweka bakuli kando bila kuliangalia. Akaniuliza, "Mama, shamba lako liko wapi?" Nikamtajia mahali. "Mwaka jana ulipanda nini?" Nikamjibu. "Na ni nini kilikukasirisha?" Nikajikuta namweleza kuhusu mahindi yaliyoanguka kwa upepo, mambo ya kweli ya shamba langu mwenyewe, nimesahau kabisa kwamba ni usaili. Akachukua bakuli akasema, "Basi hii ni fupi. Upepo utapita juu." Nikacheka, nikamwajiri.

Nilikwenda kwake kama kawaida. Mume wake, Wafula, alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Alisikiliza hotuba yangu yote, kisha akasema, "Si ungeuliza yeye mwenyewe? Kazi ni yake." Nikaona ni mzaha wa kiume. Nikaandika amekubali.

Yale maswali matatu ya Nekesa niliyachukua. Nilianza kuyafundisha wiki iliyofuata: uliza shamba, uliza alipanda nini, uliza kilichomkasirisha, ndipo uguse mbegu. Mwanzoni nilisema, "Kama Nekesa anavyofanya." Baadaye nikasema, "Kama sisi tunavyofanya." Mwisho yakaitwa maswali matatu ya Mama Njeri, na makao makuu wakayachapisha kwenye kijitabu cha mafunzo, jina langu chini yake. Nilikinunulia karatasi ya plastiki nikakifunika kisichafuke. Nekesa alikiona. Alisema tu, "Kimetoka vizuri, Madam."

Wasichana wapya nilimpelekea yeye. Nilikuwa nawaambia, "Nendeni na Nekesa wiki mbili, mkirudi mtakuwa mmeiva." Na walirudi wameiva. Mimi naandika ripoti kwamba nimefundisha watu wanane, watu kumi. Yeye ndiye aliyetembea nao kwenye tope, akawaonyesha jinsi ya kumpita mbwa, jinsi ya kusalimia mzee aliyelewa bila kumpa nafasi, jinsi ya kumwachia mkulima mlevi wa maneno aongee hadi achoke mwenyewe.

Kisha nafasi ikatokea. Makao makuu walitaka mkufunzi wa kudumu wa Trans-Nzoia na Bungoma: mshahara mzuri, pikipiki ya kampuni, na kazi ya kuzunguka masoko yote. Bosi akanipigia simu. "Mama Njeri, nani anafaa? Tunasikia kuna mmoja anaitwa Nekesa."

Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka simu ile kwa namna itakayonipunguzia aibu. Haipungui. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeketi ofisini na nilijua jibu. Nilijua pia kwamba Nekesa akiondoka shambani, mauzo ya eneo langu yatashuka na mimi nitaulizwa. Na nilijua kitu cha pili, kibaya zaidi: Nekesa akisimama mbele ya makao makuu na kufundisha dakika kumi, kila mtu atajua yale maswali matatu yalitoka wapi.

Nikasema, "Ni mzuri sana huyo. Lakini ameolewa. Mume wake hatakubali asafiri."

"Umeongea naye?"

"Mimi huwatembelea, si unajua," nikamjibu.

Ikaisha hivyo. Heshima yote niliyojijengea kwa zile ziara ikasimama nyuma ya uongo wangu, na bosi hakuuliza tena. Walimleta kijana mmoja kutoka eneo lingine, kijana mwenye adabu lakini hajui gunzi na bua. Na mimi, nisiyekuwa na haya, nikamwambia Nekesa amzungushe mwezi mmoja amwonyeshe kazi. Akamzungusha. Kijana akapewa pikipiki.

Nekesa alinijia mara moja tu kuhusu jambo hilo. Alisimama mlangoni, hakuketi. "Madam, nimekosea wapi? Niambie nirekebishe."

"Hujakosea chochote. Ni mambo ya makao makuu. Wakati wako utafika."

"Labda ni masomo?"

Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana. Niliinua mabega tu, nikarudi kwenye karatasi zangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilinichukua miaka saba nikitembea raha mustarehe, nikastaafu, nikasifiwa, nikaanza kufuga kuku. Ilinikatikia kwenye arusi mjini Bungoma. Msichana mmoja niliyewahi kumwajiri alikuwa anaolewa, nikaalikwa, nikakalishwa meza moja na Wafula. Nekesa alikuwa kwenye kamati ya chakula, anaonekana kwa mbali akielekeza watu. Wafula alikuwa amefurahi na arusi, ameongeza maneno kuliko zamani.

"Madam, ile kazi ya pikipiki unaikumbuka?" akaniuliza. "Bana, tulihangaika! Nilimfundisha kuendesha pale uwanja wa shule. Aliangusha pikipiki ya jirani, akavunja taa, tukalipa tukicheka. Hadi leseni akapata. Tukasema wakiita tu, yuko tayari."

Nilikuwa nimeshika kijiko cha pilau. Nikakirudisha sahanini.

"Halafu hawakuita," akaendelea. "Yeye akasema ni masomo. Akaenda college Jumamosi, miaka miwili, mimi naosha watoto na kupika ugali ya kuungua. Akamaliza, akaniambia sasa hawana sababu. Na bado hawakumwita. Mimi huwa najiuliza, huyu mtu aliwakosea nini?"

Alikuwa haniulizi kwa hila. Alikuwa anaongea na mtu ambaye yeye aliamini kwamba alimtetea mke wake. Uso wangu uliwaka, nikajifanya pilau ina pilipili. Miaka miwili ya Jumamosi, nikawa nahesabu kichwani, yote kutafuta kasoro ambayo haikuwepo, na mimi ndiye niliyeinua mabega.

Kisha akaniambia lililobaki. Kampuni nyingine ya pembejeo ilikuwa inatafuta mkuu wa mafunzo wa magharibi yote. Nekesa ameomba. Wanataka barua ya msimamizi wake wa zamani, ieleze aliwahi kufundisha watu au hapana, kwa kuwa kwenye karatasi zake zote ameandikwa muuzaji tu. Siku zilikuwa zimebaki tisa. "Ameogopa kukusumbua," Wafula akasema. "Ati umeshapumzika."

Nilikwenda kwake Jumatatu. Sikubeba sukari wala majani ya chai, mkono ulikataa kununua. Nilimkuta peke yake, anapukuchua mahindi kwenye veranda. Akasimama kunikaribisha kwa furaha, akaniita Madam, akapanguza kiti kwa leso yake. Nikamwambia asinifurahie kwanza. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: simu, swali la bosi, jibu langu, na kwamba mume wake sikuwahi kumuuliza kuhusu kusafiri. Nikamweleza pia kuhusu kijitabu, ingawa hilo alilijua.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliendelea kupukuchua gunzi moja hadi likaisha, punje moja moja. Kisha akasema, "Nilimwambia Wafula mimi ni mjinga. Ndani ya nyumba hii. Nikalia, nikamwambia labda kichwa yangu ni ya kuuza tu, si ya kufundisha."

"Nisamehe, Nekesa."

"Mambo ya kusamehe tutaona baadaye. Barua inatakiwa. Wewe andika."

Akaniletea karatasi na kalamu, akaniwekea meza, akarudi kwenye mahindi yake. Nimeingia nyumba nyingi za Bungoma na hakuna nilikotoka bila kuletewa chai. Siku hiyo sikuletewa, na nilijua kwa nini, na nikaandika koo likiwa kavu. Niliandika kwamba ni mwaminifu, ana bidii, anajua wakulima. Niliandika kwamba kwa miaka mingi alinisaidia kufundisha wauzaji wapya. Nikatia sahihi, nikampa.

Akasoma polepole. Akaweka kidole katikati ya karatasi.

"Hapa umesema nilikusaidia kufundisha. Mama Njeri, nani alikuwa anasaidia nani?"

Angalieni mtu alivyo. Nimetoka kuungama dakika chache zilizopita, na mkono wangu wenyewe umeshanirudishia kiti cha mkubwa. Nikaomba karatasi nyingine. Safari hii niliandika idadi ya wasichana aliowafundisha kadiri nilivyoikumbuka, na majina yao, wengine sasa ni mameneja. Niliandika kwamba maswali matatu yaliyo kwenye kijitabu ni yake. Niliandika kwamba nafasi ya mkufunzi ilikuwa yake na mimi ndiye niliyesema uongo akaikosa. Sentensi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko barua nzima. Nekesa aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha, akanisindikiza hadi kwenye lango tu. Kwa kawaida angenifikisha barabarani.

Kazi ameipata, niwaambie mapema msije mkahangaika. Hakunipigia yeye, nilisikia kwa wengine, na sikutegemea anipigie. Kwa hiyo mkimwona anakuja na pikipiki kwenye mafunzo yenu, huyo ndiye mwalimu wenu wa kweli, hata kama vijitabu vya zamani vinasema vingine.

Na nyinyi, nafasi ikitokea, iombeni kwa maandishi, mbaki na nakala. Mkinyimwa ulizeni sababu, na mkiambiwa "makao makuu" ulizeni ni nani huko, na alisema nini, na alielezwa na nani. Andikeni majina ya watu mnaowafundisha, na tarehe, hata kama mmeandikwa wauzaji. Usikimbilie kuamini kwamba kasoro ni yako. Na siku mtakapokuwa wakubwa, mkaulizwa kama mwanamke fulani ataweza kusafiri, kama ana mtoto mdogo, kama mume wake atasema nini, semeni: nitamwita hapa, umuulize mwenyewe. Ni sentensi fupi. Mimi ilinishinda.

Kabla hawajampa Nekesa kazi, ile kampuni mpya walinipigia simu. Alikuwa msichana mdogo kwa sauti, mwenye heshima, nadhani wa rika lenu. Mimi nilikuwa nje nawapa kuku maji. Akasema amesoma barua yangu na wenzake na kuna jambo hawakulielewa.

"Mama, samahani nikiuliza vibaya. Kama Nekesa ndiye alikuwa anafundisha hao watu wote, si wewe ndio ulikuwa msimamizi? Wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

Jibu zuri lilikuja mdomoni lenyewe, la kusimamia, la kuratibu, la kulea vipaji. Nimelisema miaka mingi, linateleza. Nikaliacha lipite.

"Nilikuwa namzuia," nikamwambia.

Akauliza, "Niandike hivyo, mama?"

"Andika hivyo."